Mabati ya Bwana Norman

Uthiru, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Goti laendeleaje? Mimi mzima, ila kikohozi kidogo. Tunabomoa mapaa ya zamani ya asbesto, yale mabati ya kijivu kama simiti. Bwana Norman, tajiri wetu, ametugawia bure. Ochola atakushushia yako kwa lori. Jiko lako halitavuja tena.

Mwanao, Zadock

Webuye, 16 Machi

Zadock baba,

Goti linanifikisha kanisani, namshukuru Mungu. Jiko limeezekwa! Mabati yalikuwa na kuvu, nikayasugua kwa brashi ya waya hadi yakatakata, Emmah wa dadako akifagia vumbi. Mwambie Bwana Norman namwombea.

Mamako

Uthiru, 2 Aprili

Mama,

Usimwombee Norman! Nimekupigia, hupatikani, ndiyo maana Ochola anakuletea hii mkononi.

Jana mkaguzi alikuja. Norman alituvisha ovaroli nyeupe na barakoa. Mkaguzi alipoondoka, akazikusanya akazifungia stoo. Lakini nilikuwa nimemsikia mkaguzi akisoma masharti ya leseni ya Norman: asbesto iloweshwe, isivunjwe, ifungwe kwa plastiki, izikwe mahali palipoidhinishwa. Vumbi lake hukaa mapafuni miaka na miaka, kisha huleta saratani. Norman alilipwa ayazike yale mabati. Akatugawia sisi, nasi tukasema asante!

Nilipomkabili alicheka: "Kijana, tangu lini kwenu mkahitaji leseni ya kula vumbi?" Kisha akanifukuza.

Usipike humo. Myaloweshe, myateremshe bila kuyavunja, myafunge kwa plastiki nzito. Mfunike pua kwa kitambaa kilicholowa. Emmah akae mbali.

Mwanao, Zadock

Webuye, 9 Aprili

Zadock,

Leo sina salamu. Mabati yameshuka na kufungwa kama ulivyosema. Napikia nje, mvua inaninyeshea. Emmah ananiuliza kama alikosea. Mtoto wa miaka saba! Mtu amepewa leseni ya kushika sumu kwa kuwa anajua kuishika, naye anaitupa jikoni kwangu na kuiita zawadi. Na mimi nikampigia magoti!

Jumamosi naja na Ochola na mzigo wote. Mtafute huyo mkaguzi, asimame nami getini kwa Norman. Sishuki kwenye lori mpaka nijue yanazikwa wapi.

Na wewe, umeniambia nifunike pua. Siku zote hizo juu ya mapaa, ya kwako uliifunika kwa kitu gani? Umeandika mengi, hilo hukuandika. Wala kikohozi hukukitaja tena.

Jibu lake nitalipokea uso kwa uso.

Mamako