Nafasi ya Jina la Mume

Nyasura, Bunda,
14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Agness,

Hujambo huko Songea? Baridi imekukondesha, au ndiyo umenenepa? Mimi mzima, ila kitambi kinanitangulia kuingia ndani. Wifi yako anasema kwangu umebaki mdomo tu. Safari hii, lakini, ulioniponza ni mkono.

Unamkumbuka Penina, mke wa Shangazi Wankyo. Shangazi hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe kumi na wawili ng'ambo ya mpaka, Kenya, akaoa, kama walivyofanyaga bibi zetu. Penina amekaa Butiama miaka kumi na mmoja, kaizalia nyumba ile watoto watatu. Lucy, wa mwisho, alikuwa bado ananyonya.

Mwezi wa tatu ikatangazwa wageni wajitokeze wapewe vibali. Penina akagoma. Unajua ananiitaga mtoto wake mbele za watu, na mvi zangu hizi. "Mwanangu, mimi nimejificha wapi hata nijitokeze?"

Mimi, karani wa shule, nikajifanya wakili. Nikampeleka, nikamjazia fomu kwa mwandiko wangu ule wa maringo. Jina la mume: Wankyo. Jinsia ya mume: mwanamke. Nilidhani wanataka ukweli.

Ofisa alisoma akacheka, akawaita wenzake nao wacheke. Alhamisi wakaja nyumbani na gari, wanataka cheti cha ndoa. Shangazi akawapeleka kwenye zizi tupu.

"Cheti ndicho hiki. Kumi na wawili walitoka hapa. Nani anatoa ng'ombe kwa mchezo?"

Wakamchukua Penina na kanga aliyojifunga, wakamrudisha Kenya. Lucy wakamwacha, eti kazaliwa hapa, ana haki zake. Ya kunyonya hawakuiona.

Tuliandika rufaa. Jibu likaja kwamba hakuna familia iliyotenganishwa, kwa kuwa mume hakuwepo. Lina mhuri mzuri kweli.

Jumamosi iliyopita, wiki ya tisa, nikawapeleka Shangazi na Lucy mpakani Sirari. Penina amepigwa marufuku kuingia, akasimama upande wake, sisi wetu. Askari mmoja akatugeuzia mgongo makusudi, Mungu ambariki. Penina akafungua blauzi, akanyoosha mikono.

Lucy akamtazama, akageuza uso, akang'ang'ania shingo ya Shangazi, akalia.

"Amekua huyu," Penina akasema, akacheka. Akaanza kufunga vifungo. Ni vitatu tu, Agness, lakini vilimchukua muda mrefu.

Msalimie shemeji Stanslaus. Shangazi anakusalimu, pamoja na Onesmo na Sara, wakubwa zake Lucy, wanaokimbia siku hizi wakiniona na kalamu. Mungu akutunze na wote mnaolala chini ya paa moja.

Na Penina anakusalimu. Nimemweka mwisho, peke yake, maana karatasi hii ni yangu, na nafasi ya jina lake nimeitenga mwenyewe.

Kaka yako, mjinga lakini anakupenda,
Baltazari