Bastola ya mlimani

Ma chère Henriette, sikia hii. Bwana yangu Josias alitaka kutufungisha jela!

Unajua Jumamosi tunapanda mlima na watu wa kanisa. Josias akasema kule iko wezi na nyani, lazima bastola. Basi leo tukaingia duka la silaha hapa mjini. Kuchagua tu, kibali bado.

Muuzaji akamshikisha moja ndogo, haina risasi. "Hii nyepesi, hata ukitembea siku nzima haikuchoshi." Josias akaipenda. Lakini si unamjua? Akauliza dernier prix, bei ya mwisho. Muuzaji akasema bei ni hiyo hiyo.

Henriette, akafanya vile anafanyaka sokoni! Akanuna, akaninong'oneza "twende, watatuita," akaelekea mlangoni polepole.

NA BASTOLA MKONONI!!!

Eish! King'ora kikalia, mlango ukajifunga, mlinzi akapiga kelele, "Rudi! Lala chini!" Wateja wote chini. Mimi chini, na wigi yangu mpya!

Na Josias, kifudifudi, buti ya mlinzi mgongoni, ananigeukia anatabasamu: "Umeona? Si nilikuambia watatuita?"