Deki Niliyoijaribu Bila Sauti

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamsalimu shangazi yao, ingawa naona wanalishukuru zaidi lile boksi la filamu kuliko aliyelituma. Limefika salama, diski zote kumi na mbili. Uliahidi na umetimiza, hata ukiwa na hasira. Kikaratasi chako cha mstari mmoja nacho nimekiona: "Jibu lako la kwenye simu nimelielewa." Nitakifikia. Kwanza nikupe habari ya deki.

Deki yetu ya zamani ilizikataa filamu zako zote. Tukitia diski inazunguka kidogo, kisha inaandika kwamba hiyo si ya sehemu hii ya dunia. Kumbe hata chombo cha kuangalizia picha siku hizi kina ubaguzi. Ikabidi ninunue nyingine, na kaka yake wifi yako, yule tuliyembandika jina la Bwana Besi, akajitolea kunisindikiza dukani.

Bwana Besi unamjua. Hawezi kukaza skrubu ya mlango wake mwenyewe, lakini zikitajwa spika anageuka injinia. Njia nzima alinihubiria besi. Muuzaji naye tukamkuta ni wale wale, mtu wa tai fupi na maneno marefu. Alitutolea deki moja kubwa akajisifu kwamba sauti yake itatikisa vioo vya madirisha. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia nataka vioo vyangu vitikiswe.

Nilimweleza kwamba nataka deki inayosoma diski za nchi yoyote, na yale maandishi ya chini ya picha yawe makubwa, yasomeke kutoka kwenye kochi. Akatabasamu kwa kunihurumia, akasema maandishi ni maandishi tu. Nikatoa diski yako mfukoni, nikamwagiza azime sauti kabisa. Bwana Besi akamsogelea sikioni, wakaangaliana, wakacheka. Wapumbavu hutambuana haraka.

Tulijaribu deki tano kimya kimya. Moja ilichelewesha maandishi, mtu ameshakufa ndipo maneno yake ya mwisho yanatokea. Ya tano, kidude cha rafu ya chini chenye vumbi, ikasoma kila kitu bila kusita. Nikachukua hiyo. Bwana Besi alinuna mpaka nyumbani.

Sasa kila Jumapili mchana tunakaa sebuleni. Lugha ya filamu zile hakuna anayeijua, kwa hiyo sote tunasoma. Wifi yako anasoma polepole, watoto wanabishana, na mimi ndiye ninayecheka wa kwanza.

Kwenye vipindi vya kwetu nacheka wa mwisho, nikishawaangalia wenzangu usoni. Mdogo wangu, sisikii. Sikio la kushoto limekufa na la kulia linalifuata; mtu akiwa mbele yangu namsoma midomo, kwenye simu sina cha kusoma. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mashine ya kusaga unga, nikiwacheka wenzangu waliotia pamba masikioni, nikiwaita mabibi harusi. Wao leo wanasikia. Katika wote niliowadharau kwenye barua hii, hakuna mjinga wa kunifikia mimi. Nimeona aibu kusema, nikaacha watu waseme nina kiburi. Wewe pia umesema hivyo, kwa sababu ya simu zako nisizopokea.

Ile moja niliyoipokea, nilisikia sauti yako ikipanda, ikatetemeka, kisha ikanyamaza. Nikaona ni zamu yangu. Nikasema, "Sawa, ni vizuri hivyo." Ukakata. Tangu siku hiyo najiuliza ni kitu gani nilichokiita kizuri, na ninaogopa.

Wifi yako ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Bahasha nimeiacha wazi makusudi, maana yeye pia sijamwambia.

Usipige simu. Niandikie ulichoniambia siku ile, neno kwa neno, hata kama ni kizito. Wasalimie wote walio karibu nawe, na uvae vizuri kifua kisikurudie.

Ni mimi kaka yako,
ambaye bado hajakujibu.