Masikio ya Wifi, Sanduku Langu

Nyumba ya ngazi za nje,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 3.

Zimeimba! Mdogo wangu, zile hedifoni zimeimba, tena zimeimba kwa sanduku nililolinunua mimi, kwa mikono hii hii iliyojaa alama za sindano!

Haya, sasa ndiyo nikusalimie, maana najua utasema dada yako kaanza kwa makelele. Mpendwa mdogo wangu, hujambo? Shemeji hajambo? Lile goti lako limepoa, au bado linakutabiria mvua? Sisi huku wazima. Kifua cha baba Sikio kimepona, kimebaki kikohozi cha kuitia chai tu. Mimi mwili mzima, ila moyo una kinachoutafuna, na ndicho kilichonikalisha kukuandikia.

Picha ya friji aliyokuletea mwanao niliipata. Milango miwili. Niliiangalia mpaka simu ikazima. Hongera sana. Kwa watu wawili mlango mmoja ungetosha, lakini hongera.

Sasa ngoja na mimi nikupe langu. Mwanangu Sikio, na jina hilo ulimpa wewe mwenyewe, alipokuwa mtoto akisikia sufuria inachemka jikoni naye yuko barabarani anaruka kamba, amekabidhiwa kitabu kizima peke yake! Ni pale studio wanakosoma vitabu kwa ajili ya wasioona. Msomaji anasoma, Sikio anasafisha: anatoa kikohozi, mlio wa kiti, ulimi unaobanduka mdomoni. Bosi wake amesema hajawahi kukutana na sikio kama lile. Nimemweleza kila mteja anayekuja kupimwa nguo, pamoja na wale ambao hawakuuliza.

Kitabu hicho kimekwisha, na Sikio ametuahidi tutakisikia sisi kabla hakijaenda kwa wenyewe. Lakini hakisikilizwi kwa spika, kinasikilizwa kwa hedifoni. Hedifoni ni moja na kichwa ni kimoja. Sasa niambie, nani avae kwanza? Hapo ndipo vita vilipozaliwa.

Hizi si hedifoni za kawaida, za kuchomeka kwenye simu. Zinaitwa za umeme tuli. Usicheke, mimi darasa la saba langu nimelielewa, na wewe utalielewa. Zile za kawaida ndani mna kispika chenye sumaku. Hizi hazina. Zina utando mwembamba kuliko mfuko wa nailoni, umetandazwa katikati ya sahani mbili zenye matundu, na umeme ndio unaouvuta huku na huku. Kwa wepesi wake, hata msomaji akimeza mate unamsikia. Sikio alikuwa anatamani za ngazi ya chini kabisa, za mtu anayeanza, zile zinazouzwa seti pamoja na kisanduku chake cha kuzitia umeme. Alikuwa anadunduliza kimyakimya, mtoto wa watu.

Wifi yangu unamjua, dada yake baba Sikio, mwenye duka hapa chini. Hakujaliwa mtoto, basi wangu kamfanya wake. Sikio alikulia chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, hilo silikatai. Lakini hapiti mgeni pale dukani bila kuambiwa, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Na akisema hivyo ananiangalia mimi! Kana kwamba nilizaa nikaenda matembezi. Mimi nilikuwa huku juu kwenye cherehani, namshonea mtoto sare za shule. Kwa kitambaa chake, sawa. Lakini kitambaa kisichoshonwa si ni shuka tu?

Basi siku moja Sikio anarudi kazini, anakuta shangazi yake kamwekea boksi mezani, na utepe juu. Hedifoni! Kazinunua bila kuniambia, bila hata kunikonyeza. Mwanangu akamrukia shingoni. "Shangazi, wewe ni mama yangu wa pili!" Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Niliunguza kola ya mteja, mdogo wangu. Mimi, ambaye sijawahi kuunguza hata leso.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wifi alinunua masikio matupu! Aliona sanduku ni la kumwongezea gharama tu, akamwambia muuzaji nyumbani kwa kaka yake amplifaya ipo. Kumbe plagi yenyewe ina pini tano, haiingii kwenye simu, haiingii kwenye kompyuta, na ile amplifaya ya baba Sikio ndiyo haijui hata pa kuianzia. Bila sanduku lake maalumu ni bubu. Sikio akazivaa hivyo hivyo, kimya, akawa anatikisa kichwa ili shangazi yake asiumie. Nikasema, "Pole sana, wifi yangu." Kwa mdomo. Tumboni nilikuwa nacheza.

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nikajifunga kanga, nikaenda mwenyewe kwa muuza vyombo vya muziki vilivyotumika. Akanionyesha masanduku mawili. Moja dogo, halina sura, kama chombo cha kubebea chakula, tundu zake tano. Jingine la chuma, zito, uso unang'aa, tundu zake sita. Sasa mimi ni mtu wa vifungo. Shati la vifungo vitano ukinunua sita hujaharibu kitu, cha sita unakishona kwa ndani, kinakuwa akiba. Nikachukua la sita. Nikapanda nalo ngazi nikihema, nikahakikisha nimepita mbele ya mlango wa duka la wifi.

Plagi iliingia bila ubishi. Zikaimba, lakini kwa mbali, kama mtu anayeimba na homa. Sikio akafungua sauti mpaka mwisho. Homa tu. Wifi alikuwa amekuja kushuhudia, na kikombe cha chai yangu mkononi. Akanywa funda, akasema, "Wifi, sanduku lako limelala na njaa?"

Nilitamani ngazi zinimeze. Sikio akanieleza taratibu, asinivunje moyo na mimi. Kumbe sanduku la tundu sita ni la hedifoni za zamani, zilizokuwa zinakula umeme kidogo. Hizi za pini tano zinataka zaidi ya mara mbili yake. Ule utando lazima ushibe ndipo usikie kuvutwa. Hesabu si ya tundu, hesabu ni ya umeme ulioko nyuma ya tundu.

Nililirudisha. Muuzaji akagoma, akasema bidhaa ikitoka imetoka. Sikugombana naye. Nilikaa kwenye kiti chake cha wateja, nikatoa suruali niliyokuwa naikunja pindo, nikashona. Kila aliyeingia nikamwamkia na kumuuliza anatafuta nini, na kama amechagua vizuri. Jua halijafika utosini akanipa lile dogo lisilo na sura, akanibebea mpaka barabarani.

Na ndilo lake! Unachomeka waya wake ukutani, unaleta nyaya za sauti kutoka kwenye kompyuta, unaliacha lipate joto kidogo. Volti zaidi ya mia tano, mdogo wangu! Huko ukutani kwenu friji yako inakula chini ya nusu ya hizo. Usiogope, ni umeme wa nguvu ila kiasi chake ni chembe, masikio hayasikii hata mtekenyo. Ila sanduku lisifunguliwe, na plagi isichomolewe kabla halijazimwa.

Kulijaribu ndiko kulikoleta kisa. Mimi nilishika upande wa kushoto, wifi akashika wa kulia, hakuna aliyeachia. Utando ukabanwa, ukalia pwii! Sikio akapiga ukelele, "Mtapasua! Kila mtu ashike sikio lake, na hakuna kuvuta!" Basi tukakaa kwenye benchi langu la kushonea, shavu kwa shavu, mimi na wifi yangu. Tangu aliponikumbatia siku ya arusi yangu sijamkaribia namna ile. Ananukia kitambaa kipya.

Sikio hakutuwekea muziki. Kwenye kitabu chake kuna fundi wa nguo, na Sikio alikuwa ameacha kinasa sauti kwenye rafu yangu ya nyuzi asubuhi moja, apate mlio wa cherehani. Nikausikia. Nikasikia mpaka uzi unavyoteleza kwenye tundu la sindano! Halafu nikasikia mwanamke anaimba, polepole, bila maneno. Nikamuuliza Sikio, huyu ni nani mwenye sauti nzuri hivi?

"Ni wewe, mama."

Mimi! Sikujua kama huwa naimba. Nikageuza jicho nione kama wifi amesikia vizuri.

Mara, kwenye ngazi, zikaja ndala. Pwata, pwata, pwata. Ni za wifi, analeta vitambaa kama kila asubuhi. Zilipofika mlangoni wimbo ukakatika, katikati, kama uzi. Akaweka mzigo, akasema, "Za asubuhi, wifi," nikajibu, "Nzuri." Akashuka. Ndala zilipofika chini kabisa, wimbo ukaanza tena pale pale ulipoachia. Baadaye akapanda tena. Ukakatika tena.

Shavu la wifi halikusogea. Akasema, "Kumbe unaimba. Miaka yote nilidhani huku juu kuna cherehani tu."

Nikamsogezea kikombe chake cha chai, kilikuwa kimepoa.

Usije ukadhani wivu umekwisha. Jana Sikio kapata blauzi mpya, kashuka kuionyesha chini kwanza, na mimi fundi nimo ndani! Nimeinyamazia, lakini nimeiona mishono yake, imepinda. Na jana hiyo hiyo wifi alipopanda na mzigo nilijaribu kuendelea kuimba. Nikatoa mlio kama mbuzi. Akacheka, nami nikacheka, akakaa kidogo ndipo akashuka.

Sasa sote wawili tunadai kuvaa kwanza siku ya kitabu, na Sikio amesema niamue mimi. Nimeamua. Wifi avae kwanza. Masikio aliyanunua yeye, na mtoto kweli alikulia chini ya meza yake. Wewe utavaa wa tatu, baada yangu. Baba Sikio wa mwisho, maana akizivaa atasinzia nazo. Usije umepaka mafuta mengi kichwani, mito ya hedifoni inanyonya, na usizikandamize. Lakini kitufe cha kuwashia sanduku nitakaa nacho mimi. Wifi atazivaa, atajiweka sawa, atafumba macho, na hatasikia hata pumzi ya msomaji mpaka nibonyeze mimi. Na nitabonyeza. Nitahesabu kidogo, halafu nitabonyeza.

Nisalimie shemeji, msalimie mwanao wa friji, mwambie mama yake mkubwa anamtaka naye aje asikie kazi ya dada yake. Wifi anakusalimu, ameniambia hivyo sasa hivi akiwa amesimama mlangoni. Mungu akulindie goti lako na nyumba yako, na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ungekuwa na friji ya milango minne,

Mama Sikio

Nyote mnatazamiwa hapa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Ukisikia ninaimba ukiwa ngazini, panda tu.