Ulikwenda Nyabibuye kwa Ajili Yangu

Mwalimu,

Ijumaa ile filimbi yako haikulia, ilikoroma. Nimesahau mengi ya wiki hiyo, hata nguo niliyovaa siku ya kukuzika siikumbuki, lakini mkoromo ule bado ninao masikioni. Kigololi cha ndani kilipotea zamani, ukaweka punje ya harage mahali pake, na mvua ikinyesha harage lilivimba na filimbi ikakwama. Uliitoa mdomoni, ukaitikisa, ukasema, "Subirini, harage limelewa." Tulicheka timu nzima. Kisha ukasema, "Edina, baki."

Nilibaki. Wenzangu waliteremka bwenini, nawe ukakaa juu ya jiwe karibu na goli ukafungua daftari lako. Mashindano ya netiboli ya vyuo vya ualimu vya kanda yalikuwa yamebakiza majuma mawili, na mbele ya jina langu hapakuwa na alama. Kwako hakuna msichana aliyepanda gari la mashindano kabla ya neno kutoka nyumbani kwao. Hukutaka karatasi yenye sahihi, ulitaka kumsikia mzazi mwenyewe. Ulitueleza sababu siku ya kwanza ya mazoezi. Katika mwaka wako wa pili wa ukocha, kaka wawili waliingia uwanjani katikati ya mechi wakamtoa dada yao kwa kumvuta mkono, kwa ajili ya sketi fupi. Hakurudi chuoni. Tangu hapo ulikwenda mwenyewe kwa kila mzazi aliyekataa, Munanila, Kagerankanda, kokote, ukakaa kwenye mkeka ukaomba.

"Baba amekataa," nilikuambia.

Mwalimu, sikuwa nimemuuliza.

Unajua nilivyokosa magoli tulipocheza na wenzetu wa Kibondo. Mimi ndiye mfungaji, nilisimama chini ya pete, mpira ukagonga chuma mara nne mfululizo. Njia nzima ndani ya gari Pendo aliwachekesha wenzake, "Edina harushi mpira, anafukuza kunguru." Nilicheka nao. Lakini tangu siku hiyo nikishika mpira vidole vyangu viliganda, na sikuweza kukuambia, kwa sababu ulikuwa umekwisha mwambia kila mtu kwamba tumaini la timu ni mimi. Nikatafuta njia ya kutokwenda bila kusema naogopa.

Nikalitumia jina la baba. Nilijua ungeniamini, na mtu yeyote hapa Kasulu angeniamini. Babu alivuka kutoka Burundi. Baba ni mtu wa kanisa, haongei sana, makaratasi yake ya uraia anayatunza ndani ya Biblia. Mzee wa namna hiyo ikisemwa kwamba amemkataza binti yake kuvaa sketi ya michezo, nani atauliza mara mbili?

Ulifunga daftari. "Kesho Jumamosi nitakwenda kwenu Nyabibuye. Wazee hawa nawajua, wanataka waheshimiwe tu."

Nilikuwa na muda wa kusema. Tulipanda pamoja hadi stoo, mimi nimebeba mipira, wewe unanisimulia mwaka ulioanza kazi: wasichana watano tu waliojitokeza, wamejifunga vitenge juu ya sketi, kichuguu ulichokivunja kwa jembe ili upate uwanja, fundi aliyekukunjia nondo mbili zikawa pete. Miaka kumi na tisa. Jezi mpya zilipokuja zilikwenda kwanza kwa wavulana wa mpira wa miguu, ninyi mkapewa zile walizovua. Kombe la kanda hukulipata hata mara moja. "Ila walimu wangu wako kila wilaya," ulisema, "na hakuna hata mmoja anayeinamisha kichwa akiongea na mwanaume." Ulifunga stoo, ukanipiga bega, ukaenda. Nikateremka bwenini.

Yaliyofuata nimesimuliwa na baba. Ulimkuta akianika maharage. Ulimsalimia kwa heshima zote, ukakaa, ukaanza kumwomba. Baba akashangaa. "Mimi? Mbona sijaulizwa kitu? Mtoto acheze." Anasema ulicheka mpaka ukashika nguzo ya mlango. "Kumbe mwenye hofu si mzee, ni mtoto!" Mama akakupakulia ugali wa muhogo na maharage. Wingu lilikuwa limefunga, wakakusihi ulale, ukakataa.

"Ngoja niwahi," ulisema. "Yule leo hatalala."

Ulikuwa unaniwahi mimi. Pikipiki uliyopanda iliteleza kwenye mteremko wenye tope, lori likiwa linapanda. Hukufika hospitali ya Kibondo ukiwa hai.

Tulikuzika kwenu, Kagerankanda. Wachezaji wako wa zamani walikuja, wengine na watoto mgongoni. Wanaume walipoinuka kubeba jeneza, wanawake hao waliwazuia. Mmoja alisema, "Huyu ni wetu, kaeni." Walisimama sita, watatu kila upande, na kwa kuwa timu ni saba, wakataka wa saba atangulie mbele ameshika filimbi yako. Wakaniita mimi, mfungaji wa timu yako ya mwisho. Nilirudi nyuma nikajificha kati ya akina mama. Akaichukua Pendo.

Baba alikuja pia. Alileta gunia la maharage kwa ajili ya msiba. Hukuona, ngoja nikuambie. Habari zilikuwa zimekwisha mtangulia kwamba yeye ndiye mzee aliyekataa, aliyesababisha safari. Hakuna aliyempisha kwenye benchi. Akakaa kwenye majani. Mjomba wako alisema kwa sauti ya kusikika, "Kama si ukaidi wa hawa Warundi, mtoto wetu angekuwa hai." Baba aliinamisha kichwa. Jikoni walipika yote yaliyoletwa na majirani, gunia lake likabaki pembeni limefungwa kwa kamba yake ileile, tukazika, tukatawanyika, likabaki.

Sentensi moja tu ingetosha, na alikuwa nayo. Hakuisema. Tulipoagana stendi alinitazama, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, soma," akapanda gari.

Timu haikwenda kwenye mashindano. Sasa kocha wetu ni mwalimu wa somo la uraia, mtu mwema, anapuliza filimbi mpya ya chuma inayolia vizuri kupita kiasi. Daftari lako lipo ofisini. Anatukusanyia sahihi kwenye karatasi, basi. Na wenzangu wananihurumia. Hilo ndilo lililonimaliza, Mwalimu. Wananipa nafasi kwenye foleni ya chakula. Pendo aliniambia, "Pole, dada, baba hatuchagui." Nami nikaitikia asante.

Nimeishi hivyo miezi mitatu. Kila nikijiambia kwamba tope ndilo lililokuua, akili inakubali, kisha nakuona umeshika ile nguzo unacheka. Ulikwisha jua uongo wangu, na ukaharakisha hivyohivyo. Ungenikasirikia, ningejua pa kushika.

Likizo fupi nilikwenda Nyabibuye. Nilimwambia baba kwamba nataka kusema ukweli. Alikuwa anapalilia, hakuinua uso. "Acha. Utaishije na wenzako? Mimi nimeitwa Mrundi tangu nizaliwe, hili halinizidishii kitu." Lakini mama alinionyesha maharage ya msimu yaliyojaa chumba cha nyuma. Wanunuzi wawili wa Kasulu waliokuwa wakija kila mavuno hawakuja. Na kanisani, baba aliyekuwa akisoma neno kila mwezi sasa anakaa karibu na mlango. Yote hayo anayaita hakuna kitu.

Jumapili iliyopita nikaenda kwa mama yako. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Nilipiga magoti nikamsimulia yote, bila kujitetea hata kidogo. Vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kwa muda mrefu, nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, "Kwenu alikula?"

"Alikula, bibi."

"Alikula nini?"

"Ugali wa muhogo na maharage."

"Alishiba?"

"Mama anasema aliongezewa."

Hapo ndipo aliweka ungo chini akalia. Hakusema amenisamehe. Hakunifukuza pia. Niliondoka akiwa bado analia, na kabla sijafika barabarani alimtuma mtu aulize jina la baba yangu, jina lake kamili. Nikalitaja. Sijui atalifanyia nini.

Sitakuahidi kombe, hukupenda ahadi za magoli. Nakuahidi kwamba sitajificha tena nyuma ya jina la mtu mwingine, na kwamba daftari lako nitaliomba, na msichana yeyote atakayeniambia amekatazwa nitakwenda naye kwao, yeye mwenyewe akiwa kando yangu. Pumzika, Mwalimu wangu. Naogopa bado. Vidole bado vinaganda.

Jana saa kumi, kabla ya mazoezi, nilimwomba mwalimu dakika moja. Nilisimama katikati ya uwanja wako, wote wakanizunguka, Pendo ameshika mpira. Nikawaambia, "Baba yangu hakukataa. Sikumuuliza." Mpira ulimponyoka Pendo ukaviringika hadi chini ya pete, na hakuna aliyeufuata.

Edina