Dawa ya Dkt. Rukaya Kusimamishwa

UMOJA WA WAZAZI WA WATOTO WENYE SELIMUNDU, BAGAMOYO
Kikao cha Kamati, Jumamosi, 14 Juni 2025, barazani kwa Mwenyekiti, Mlingotini

WALIOHUDHURIA: Bi. Mwanajuma Haidar (Mwenyekiti), Bw. Abdulnasir Muhidini (Katibu), Bw. Mikdad Mwinyijuma na Bi. Ashatu Abdulwahab (Wajumbe). Mwalikwa: Dkt. Rukaya Ridhiwani, mkemia, mlezi wa Umoja.
ASIYEHUDHURIA: Bi. Mina, Mjumbe (anamuuguza mwanawe hospitalini).

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:20 asubuhi, baada ya Fatiha. Alieleza kwamba Dkt. Rukaya ana taarifa nzito, na akaomba asikatizwe.

KUMB. NA. 2/6/2025: TAARIFA YA MLEZI
Dkt. Rukaya aliwakumbusha wajumbe kwamba mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara hujaa chuma mwilini, kikaharibu ini na moyo. Kaka yake alifariki kwa hali hiyo hapa hapa Mlingotini, naye ndiye sababu ya yeye kusomea kemia isokaboni. Alianza utafiti kwa kuangalia jinsi shaba inavyoshikana na molekuli nyingine, kisha akahamia kwenye chuma. Kwa miaka kumi na saba ametengeneza molekuli za kukishika chuma kitoke na mkojo. Nyingi hazikufaa. Ya mwisho ilikishika vizuri kuliko zote, na ndiyo aliyoitangaza kwenye mkutano mkuu wa mwaka jana.

Alisema panya waliopewa molekuli hiyo walikonda na kunyonyoka manyoya. Ilibainika kwamba inabeba na zinki, ambayo mwili unaihitaji. Alisimamisha majaribio mwezi Machi.

Bi. Ashatu aliuliza kwa nini wazazi wanaambiwa Juni. Dkt. Rukaya alijibu kwamba alikuwa hajui aanzie wapi kuwaambia. Bi. Ashatu aliomba jibu hilo liandikwe kama lilivyo.

KUMB. NA. 3/6/2025: MJADALA
Bw. Mikdad alieleza kwamba vidonge vya kutoa chuma vilimdhuru figo binti yake Lulu, madaktari wakavisimamisha. Aliomba Lulu apewe molekuli hiyo kwa dhamana yake yeye baba. Mwenyekiti aliagiza maneno yaliyofuata yaandikwe yalivyosemwa.

Bw. Mikdad: "Nitatia sahihi mwenyewe. Likitokea la kutokea, sitakudai."
Dkt. Rukaya: "Kaka Mikdad, sitampa."
Bw. Mikdad: "Angekuwa kaka yako je?"
Dkt. Rukaya: "Kaka yangu ningempa. Na ningemuua."

Bw. Mikdad alitoka nje. Mwenyekiti aliagiza kikao kimsubiri. Aliporudi, Katibu alimuuliza Dkt. Rukaya kama kazi imekwisha. Alijibu kwamba ameanza molekuli nyingine, ila safari hii hamwahidi mtu. Aliongeza kwamba daktari wa Lulu yuko tayari kumwanzishia dawa ya zamani, ya sindano inayoingia polepole chini ya ngozi.

KUMB. NA. 4/6/2025: HOJA YA KUMWONDOA MLEZI
Hoja ilitolewa na Bw. Mikdad, ikaungwa mkono na Bi. Ashatu, aliyesema Umoja umejivunia jina la Daktari mno na wazazi wamebaki na matumaini hewa. Dkt. Rukaya alitoka kupisha kura. Waliokubali wawili, waliokataa wawili. Mwenyekiti alitumia kura yake ya turufu kukataa. Bi. Ashatu alisema hakuridhika.

KUMB. NA. 5/6/2025: MENGINEYO
Dkt. Rukaya aliporejea, Bw. Mikdad aliomba nafasi. Alisema kura yake ibaki ilivyo, lakini ana neno. Lulu amezikataa sindano tangu mwaka jana, kwa kuwa yeye baba yake alimwambia avumilie, dawa ya shangazi Rukaya inakuja.

"Kila nikirudi kutoka kikaoni ananiuliza kama imefika," alisema. "Leo mimi siwezi kumjibu. Mwambie wewe."

Dkt. Rukaya aliuliza kama Lulu yuko nyumbani. Bw. Mikdad alijibu kwamba yuko, na anajua leo kuna kikao.

Mwenyekiti aliwaruhusu waondoke. Waliondoka pamoja kabla ya dua.

KUMB. NA. 6/6/2025: KUFUNGA
Wajumbe waliobaki waliwaombea watoto wote, na Lulu kwa jina. Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana. Chai haikunywewa.

Mwanajuma Haidar ................ Mwenyekiti
Abdulnasir Muhidini ................ Katibu