Ng'ombe wa Angani

Jumapili jioni, Kakese

Nimetuma. Shindano la kutengeneza gemu lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili, na hadi saa tisa nilikuwa nimeamua kutotuma kabisa.

Gemu lenyewe ni la kitufe kimoja. Chombo kinakwenda chenyewe kushoto na kulia angani, ukibonyeza kinapiga risasi. Picha ni za vidoti vikubwa, kwa hiyo maadui wanaoshuka kutoka juu wametokea na miguu minne na pembe bila mimi kukusudia. Niliogopa kuchekwa.

Bibi alichungulia simu yangu. "Wewe Kabula, mbona unapiga ng'ombe?"

"Siyo ng'ombe, Bibi. Ni wavamizi."

"Nimechunga tangu utoto, leo unifundishe ng'ombe? Lete." Akabonyeza, mmoja akatoweka. Akanirudishia simu haraka. "Ng'ombe akiingia shamba la mtu anarudishwa. Ukimuua, utaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji."

Nilicheka, halafu nikafungua msimbo wa gemu. Nikabadilisha mistari michache tu. Sasa risasi ikimgusa adui hafi, anageuka na kurudi juu, na baadaye anaweza kuja tena. Kumbe hapo ndipo gemu liliponoga.

Bibi alicheza huku akipiga mluzi wa malishoni. Alipomaliza akasema, "Hebu tena."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kwa kitu nilichotengeneza.

Kwenye fomu ya shindano nilikuwa nimepanga kujificha nyuma ya jina la kubuni. Nimeandika langu. Hadi sasa sijalifuta.